Namna ya kuchagua stesheni wagoni iliyotumika isiyochosha mwili, ukiwa na bajeti finyu

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kilomita kama 550. Desemba moja nilimpeleka mama nyumbani kwa wagoni (gari dogo ambalo buti yake imeungana na sehemu ya abiria) niliyokuwa nimeinunua miezi miwili kabla. Kwa macho lilikuwa gari zuri: rangi inang'aa, rimu kubwa, redio ya skrini. Tulipofika Mombo mama aliomba nisimame. Alishuka akiwa ameshika kiuno, akalizunguka gari mara mbili kimya kimya, ndipo akasema, "Baba, hebu tupumzike kwanza." Kila tuta tangu Chalinze lilikuwa limempanda mgongoni. Nilikuwa nimenunua rangi na redio, miguu ya gari, yaani shokapu, springi na bushi zake, sikuiangalia.

Tangu siku hiyo nimewasindikiza ndugu na marafiki wengi kununua magari, na nimejifunza kwamba starehe ya gari lililotumika haikai kwenye jina la modeli. Inakaa kwenye viti, miguu, matairi na kiyoyozi vya gari lile lile lililosimama mbele yako. Vyote vinne unaweza kuvipima mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi.

Hatua ya kwanza: igawe pesa kabla hujaanza kutafuta

Kosa kubwa la mwenye bajeti finyu ni kuimalizia yote kwenye bei. Ukiwa na milioni 12, tafuta gari la milioni tisa na nusu, au kumi ukibanwa sana. Hiyo inayobaki si akiba ya dharura. Ni sehemu ya bei ya gari, ila unamlipa fundi badala ya muuzaji. Shokapu nne, bushi (raba za maungio ya miguu), matairi, oili na kiyoyozi lazima vikudai ndani ya miezi michache ya mwanzo. Asiyetenga fungu hilo huishia kuendesha gari zuri linalomuumiza, kama nilivyoendesha mimi.

Kama unafikiria kuagiza Japani badala ya kununua la hapa nchini, piga hesabu ya kodi kwanza. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao: unaingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa makadirio. Kumbuka kwamba Tanzania gari la miaka 8 na kuendelea hubebeshwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na likivuka miaka 10 mzigo unazidi. Kwa ndugu zetu wa Kenya, lililopita miaka 8 haliruhusiwi kuingia kabisa. Ndiyo maana kwa mwenye pesa kidogo, mara nyingi gari zuri ni lile ambalo mwenzako alishalilipia kodi, akalitunza, na sasa anataka kubadilisha.

Hatua ya pili: chagua aina kwa kuangalia spea na miguu

Toyota Corolla Fielder ndiyo ningemwambia mtu aanze nayo. Ya umbo la kwanza, NZE121, ilitoka 2000 hadi 2006. Injini yake ya 1NZ, CC 1500, inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, na ile isiyo 4WD ina miguu ya nyuma rahisi sana: boriti moja, bushi mbili kubwa, shokapu mbili. Vitu vichache vya kuchoka, na kila kimoja kipo kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam. Iliyofuata, NZE141, ina nafasi zaidi na kelele kidogo ndani, ila nyingi zina gia boksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua. CVT ni tamu kuendesha kama mwenye gari alikuwa anabadilisha oili yake inayostahili. Ikiwekewa oili ya gia boksi ya kawaida inaharibika, na kutengeneza CVT kunaweza kumeza fungu lako lote.

Probox na Succeed zinadharauliwa bure, lakini pia zinasifiwa bure. Zenye CC 1500 zina injini ile ile ya Fielder, na uimara wake Kenya nzima inaushuhudia kwa jinsi zinavyobeba miraa kutoka Meru. Ila zilitengenezwa kwa kazi. Toleo la van lina kiti cha nyuma chembamba, chenye mgongo uliosimama, na goti la abiria linagusa kiti cha mbele. Matairi yake ni yale magumu ya gari la mizigo. Mwenye mgongo mbovu usimweke humo hadi Moshi. Lakini kati ya zile za kabla ya 2014 kulikuwa na toleo la wagoni, lenye kiti cha nyuma cha kweli. Namna ya kulitambua nitaieleza hatua inayofuata, maana wauzaji wengi wenyewe hawalijui na wanaliuza bei ya van.

Caldina ya 2002 hadi 2007 ina kiti kizuri kuliko Fielder na inatulia barabarani kwa mwendo wa safari. Hapo uangalie injini. Yenye 1ZZ ya CC 1800 ni sawa, mradi haili oili. Yenye 1AZ ya CC 2000 ni D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu, na njia za hewa huziba masizi. Fundi mzuri wa D4 wapo, wachache. Kwa bajeti finyu mimi naiacha.

Subaru Legacy ya 2003 hadi 2009 ndiyo starehe yenyewe. Miguu ya nyuma inajitegemea, viti vinakukumbatia, na gari limekaa chini. Ukiiendesha baada ya Probox utadhani barabara imewekwa lami upya. Lakini miguu hiyo ina bushi nyingi, injini ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na gasketi za hedi zina historia ya kuvuja. Inunue kama una fundi wa Subaru unayemwamini kwa jina, na risiti ya mkanda umeishika mkononi. Toyota Mark II Blit nayo ni laini kama godoro, lakini ina silinda sita, na kituo cha mafuta mtafahamiana. Nissan Wingroad ni gari jepesi la kawaida, bei yake ni ya chini. Ukipata iliyotunzwa, usiikimbie.

Hatua ya tatu: fungua boneti usome kibati

Kabla ya injini kuwashwa, tafuta kibati cha chuma kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, au kwenye nguzo ya mlango. Kina namba ya modeli, na namba hiyo inasema mengi kuliko dalali. Kwa Toyota, herufi za mwanzo ni familia ya injini: NZE ni 1NZ ya CC 1500, ZZE mara nyingi ni 1ZZ ya CC 1800. Caldina ikiandikwa ZZT241 ni 1ZZ, ikiandikwa AZT241 au AZT246 ni D4. Kwa Probox na Succeed angalia herufi ya mwisho baada ya namba: NCP51V ni van, NCP58G ni wagoni. Herufi moja tu, V au G, ndiyo tofauti ya abiria wako wa nyuma kufika anacheka au kufika amenuna.

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Na usidanganywe na herufi za pleti. Gari likiitwa "namba D" au "namba E", hizo zinasema lilisajiliwa lini Tanzania. Gari la 2004 linaweza kuwa na namba E.

Hatua ya nne: nenda asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, kuna kitu anataka usikisikie. Rudi siku nyingine.

Chomoa kijiti cha oili, angalia kiwango. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando mweupe kama maziwa, maji yanaingia kwenye oili, funga boneti uage. Fungua rejeta (injini ikiwa baridi tu, tafadhali): panatakiwa kulenti (maji maalumu ya kupozea injini) ya rangi, si maji yenye kutu. Kisha mwombe awashe nawe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu sekunde za kwanza ni oili inayoungua. 1ZZ za mwanzo mwanzo zina sifa hiyo kwa sababu ya ringi za pistoni.

Kilomita za kwenye dashibodi zichukue kama maneno ya mtu usiyemjua. Gari la 2005 linaloonyesha kilomita 68,000 linapaswa kuwa na raba za pedali zenye mistari yake, usukani usiong'aa kwa kushikwa, na ukingo wa kiti cha dereva usiolala. Kama liliingia na nyaraka zake za Japani, omba cheti cha kuuzwa nje, maana humo kilomita huandikwa.

Hatua ya tano: kaa. Kaa kweli kweli

Watu hukaa kwenye kiti dakika moja, wanagusa redio, wanashuka. Kaa dakika ishirini. Rekebisha kiti kama utakavyoendesha, kisha vuta simu uongee na nyumbani. Ukianza kujigeuza geuza dakika ya kumi, hicho kiti hakikufai, maana barabarani kitakuwa chako kwa saa tisa.

Ingiza mkono chini ya paja ukandamize sponji ya kiti cha dereva, halafu kandamiza cha abiria ulinganishe. Cha dereva kikizama hadi ukaisikia chemchemi au chuma, sponji imekufa. Hilo halikatazi kununua: fundi wa viti anaweza kuongeza sponji mpya chini ya kitambaa cha zamani bila kushona upya, na ni moja ya matengenezo ya bei nafuu yenye faida kubwa. Lakini mwambie muuzaji umeliona, liingie kwenye bei.

Hamia nyuma. Muweke kiti cha mbele mtu mrefu, wewe ukae nyuma yake. Angalia magoti, na kama miguu yako inaingia chini ya kiti cha mbele. Jaribu mikanda yote ya nyuma, ukiwemo wa katikati. Kama utasafiri na mzee, mlete mzee mwenyewe siku hiyo. Angalia anavyoingia na anavyotoka. Wagoni iliyokaa chini sana ni nzuri barabarani, ila kwa goti bovu kutoka humo ni kazi.

Hatua ya sita: buti inasema gari lilifanya kazi gani

Wagoni hununuliwa na watu wenye mizigo. Fungua buti, uachie mlango: ukishuka wenyewe, mikono yake ya gesi imeisha. Si ghali, lakini itakugonga kichwa siku una mkungu wa ndizi mikononi. Toa zulia, toa ubao, toa na tairi la spea. Shimo la tairi hilo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hakuna anayekumbuka kuipamba. Bati likiwa na mikunjo, au gundi ya kiwandani kwenye maungio imepakwa kwa mkono, gari liligongwa nyuma. Maji au kutu maana yake mpira wa mlango au taa inavuja.

Huo mpira wa mlango wa nyuma upitishie vidole kote. Ukiwa umekauka au umechanika, barabara ya vumbi itaingia yote ndani. Kwenye wagoni hakuna ukuta kati ya buti na abiria, kwa hiyo hata moshi wa ekzosi unaweza kufuata njia hiyo hiyo.

Kisha simama hatua kumi nyuma ya gari, pahali palipo tambarare. Je, limekaa sawa, au limelala upande mmoja, au makalio yamezama? Springi za nyuma zilizobeba mahindi miaka saba haziinuki tena. Uliza pia kama limenyanyuliwa kwa spesa. Wengi hufanya hivyo kukwepa matuta, lakini shokapu na drive shafti hazikupangiwa mkao huo, na mara nyingi gari linakuwa gumu na linakula raba za miguu.

Matairi yana namba nne za tarehe ubavuni: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi la miaka saba lina meno mazuri na bado ni gumu kama ubao. Na rimu kubwa zenye tairi la ubavu mwembamba zinapendeza kwenye picha tu. Ubavu wa tairi ni sehemu ya springi. Fielder yenye rimu za inchi 14 au 15 na ubavu mnene inapita kwenye viraka vya lami kwa upole ambao ile ya inchi 17 haiwezi.

Hatua ya saba: endesha kwenye barabara mbaya

Muuzaji atakuelekeza kwenye lami. Mwambie, "Kaka, naomba tupite na mtaani." Zima redio, funga vioo, zima feni. Pita tuta taratibu, gurudumu zote mbili pamoja, kisha tuta lingine lipite kwa pembeni, gurudumu la upande mmoja likitangulia. Sikiliza.

Mlio mkavu wa "ko ko" kwenye mashimo madogo mara nyingi ni stabilaiza linki, spea ndogo isiyo ya kutisha. Mlio mzito wa "du" ukikanyaga breki au ukiondoka ni bushi za mikono ya chini au mauntini za injini. Gari likivuka tuta likaendelea kunesa mara mbili tatu, shokapu zimeisha. Likigonga chini kama nyundo, zimekufa au zimevuja, kainame uangalie kama zina mafuta mwilini. Kata kona hadi mwisho ukiwa unaondoka: "tak tak tak" ni sivijointi, maungio ya shafti inayozungusha gurudumu. Usukani ukitetemeka kati ya kilomita 80 na 100, anza na balansi ya matairi.

Gia boksi ya otomatiki: ikiwa D, breki imekanyagwa, gari lisitetemeke hadi vikombe vicheze. Lipeleke R kisha D. Ikichelewa sekunde mbili halafu ikapiga teke, achana nalo.

Dalali wakati huu atakuwa anaongea sana. "Bosi, hili ni kuwasha na kuondoka." Mjibu kwa heshima, uendelee kusikiliza gari.

Kiyoyozi kipime saa saba mchana, gari limesimama, injini inazunguka taratibu. Gari lolote linatoa baridi likiwa kwenye mwendo, foleni ya Ubungo ndiyo mtihani. Upepo ukiwa wa baridi lakini mdogo, usikimbilie kulaumu kompresa. Kwenye Toyota nyingi kichujio cha hewa ya ndani kipo nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, na unakitoa kwa vidole bila spana. Nimewahi kukitoa kwenye Fielder ya shemeji yangu kikiwa cheusi, kimejaa majani makavu na manyoya ya ndege. Tulipoweka kipya, mtoto aliyekuwa kiti cha nyuma aliomba tupunguze baridi. Upepo ukiwa mwingi lakini vuguvugu, hapo kuna gesi iliyovuja au kompresa iliyochoka, na hiyo ni pesa.

Hatua ya nane: fundi wako, si wao

Gari likivuka yote hayo, ndipo umlipe fundi wako alikague juu ya jeki au kwenye shimo, na lipimwe kwa mashine. Geuza ufunguo kabla ya kuwasha: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isiyowaka kabisa imezibwa.

Karatasi zifuate. Kadi halisi ya gari, si kopi, jina lake lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Kadi ikiwa "ipo kwa ndugu" au "ipo benki", pesa yako ibaki mfukoni. Deni la faini za trafiki linaangaliwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, na bima inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Andikeni mkataba mbele ya wakili, lipa kwa benki, ubadilishe umiliki mara moja.

Kwenye bei, weka mezani orodha ya ulichokikuta na gharama ya kila kimoja kwa bei ya Gerezani, si maneno ya "punguza kidogo bosi wangu". Mtu mwenye gari la halali huelewa orodha.

Hatua ya tisa: wiki ya kwanza

Fungu lako lianze na oili ya injini, oili ya gia boksi inayostahili, kulenti na breki. Halafu matairi kama yamezeeka. Halafu miguu: shokapu zibadilishwe kwa jozi, mbele zote mbili au nyuma zote mbili, na bushi zilizopasuka. Hapa simama na fundi kwa jambo moja. Boliti za mikono ya chini zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga ardhi kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa linaning'inia kwenye jeki, bushi inafungwa ikiwa imejipinda, gari likishuka inabaki imesokotwa na baada ya muda mfupi inapasuka tena. Mafundi wengi wanajua, ila haraka ya jioni inawasahaulisha.

Maliza na alaimenti, kisha sponji ya kiti, kisha kichujio cha kiyoyozi. Redio iache kama ilivyo. Baada ya kilomita 500 rudi gereji fundi akaze tena nati zote za miguu, na ujaze upepo wa matairi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, maana vijana wa vituoni huyapiga hadi yanakuwa mawe.